Umechimbua Sarafu za Dhahabu au Fedha? Namna ya Kuziuza Bila Kupunjwa

Sarafu inaweza kulala ardhini miaka mia nne bila kudhurika, kisha ikapoteza nusu ya thamani yake katika saa moja ya mwanzo mikononi mwa aliyeipata. Huoshwa, husuguliwa, hutenganishwa na zile zilizolala nayo, huoneshwa kila apitaye, na jioni hupelekwa kwa mtu wa kwanza mwenye noti mfukoni. Mwongozo huu unaanzia pale kigunduzi cha metali kinapolia na unaishia pale pesa zinapotulia kwenye akaunti. Nitakaa muda mrefu zaidi kwenye hatua za mwanzo, kwa sababu huko ndiko hasara kubwa hutokea na ndiko isikorekebishika.

Hatua ya 1: Iache na udongo wake

Ukishaiona sarafu, kidole gumba kitataka kufuta uso wake ili usome mwaka. Kizuie. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko dhahabu na kuliko fedha, kwa hiyo kila mpanguso huacha mikwaruzo myembamba. Jicho lako huenda lisiione, lakini mnunuzi ataiona mara atakapoweka lenzi yake jichoni. Mkwaruzo hautoki tena. Shika sarafu kwa ukingo, iweke peke yake kwenye kimfuko au kikasha chenye kitambaa laini, na usitie sarafu mbili mfuko mmoja zikagongana njiani.

Dhahabu haishiki kutu, hivyo mara nyingi inatosha kuiloweka kwenye maji yaliyokenekwa mpaka udongo ulegee wenyewe, kisha kuikausha kwa kuigusagusa na kitambaa laini bila kusugua. Fedha inahitaji subira zaidi. Ikikaa ardhini huvaa tabaka jeusi la salfaidi, na penye chumvi nyingi huvaa tabaka la kloridi lenye rangi ya kijivu. Wengi huliona tabaka hilo kuwa uchafu. Mkusanyaji mzoefu huliona kuwa ushahidi kwamba sura iliyo chini yake haijachezewa, na analilipia. Dawa ya meno, magadi, ndimu, siki, brashi ya waya na maji ya kung'arishia vyombo vyote vinaliondoa pamoja na ngozi ya sarafu yenyewe. Kinachobaki hung'aa kwa namna isiyo ya asili, na kampuni za kupima ubora wa sarafu hukataa kuipa daraja kamili. Huandika tu kwamba imesafishwa. Maneno hayo hayafutiki kwenye rekodi yake.

Fedha iliyotoka baharini ina sharti lake: usiiache ikauke. Chumvi iliyopenya ndani hugeuka fuwele inapokauka, na fuwele hizo hupasua uso. Iweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, uyabadilishe mara kwa mara, na utafute mtaalamu wa uhifadhi wa vitu vya kale kabla ya kufanya lolote jingine.

Hatua ya 2: Andika kabla hujaondoka shambani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye sarafu za kuchimbua maneno hayo ni ya kweli mara mbili. Piga picha sarafu ikiwa bado ndani ya shimo, kisha picha ya eneo lote. Andika tarehe, kina cha shimo, majira ya nukta (namba za mahali hapo kwenye ramani) kutoka kwenye simu, na kila kilichokuwa karibu: kigae, kipande cha ngozi, mabaki ya mtungi au kopo. Vitu hivyo ndivyo vinavyomwambia mtaalamu kama ni sarafu moja iliyodondoka au ni akiba iliyofukiwa.

Ukiona sarafu ya pili na ya tatu mahali pamoja, acha kuchimba. Najua ni jambo gumu kuliko yote ninayoyataja humu. Lakini lundo lililoachwa mahali pake hadi waakiolojia wafike lina habari ambazo haziwezi kurudishwa likishavurugwa, na habari hizo zina bei.

Tazama sarafu za Atocha, jahazi la Hispania lililozama karibu na Florida mwaka 1622, ambalo lundo lake kuu la hazina lilipatikana mwaka 1985. Sarafu za fedha za aina ile zipo nyingi duniani, na nyingi za Atocha zimeliwa vibaya na bahari. Hata hivyo zile zenye cheti cha asili kinachozitaja moja moja huuzwa kwa bei ya juu kuliko zilizopoteza cheti. Madini ni yale yale. Kinacholipiwa zaidi ni uhakika wa zilikotoka.

Hatua ya 3: Hakikisha ni yako kuuza

Kuokota kitu hakukufanyi uwe mwenye nacho. Kati yako na sarafu ile kuna wawili ambao haki yao inaweza kuizidi yako: mwenye ardhi na serikali.

Kwa mwenye ardhi, pata ruhusa ya maandishi kabla ya kutia jembe. Iandikwe mtagawana vipi; nusu kwa nusu ndiyo desturi iliyozoeleka zaidi. Iandikwe pia kama mnagawana sarafu zenyewe au pesa za mauzo, na kama gharama za mnada zinatolewa kabla au baada ya mgawanyo. Marafiki wengi wamevunjika kwa sababu ya kipengele hiki cha mwisho.

Kwa serikali, soma sheria ya nchi uliyomo, si ya nchi uliyoisikia. Katika nchi nyingi kitu cha kale kilichofukiwa ni mali ya taifa tangu dakika kinapoonekana, na kukiuza ni jinai. Nyingine zina utaratibu wa taarifa na malipo. England na Wales zinafuata sheria ya hazina ya mwaka 1996: sarafu mbili au zaidi kutoka mahali pamoja, zenye umri wa zaidi ya miaka 300 na angalau asilimia 10 ya dhahabu au fedha, lazima zitolewe taarifa ndani ya siku 14. Makumbusho yakizitaka, hulipa thamani ya soko, na malipo hayo kwa kawaida hugawanywa kati ya aliyezipata na mwenye ardhi. Yasipozitaka, zinarudi kwao wauze watakavyo. India bado inatumia sheria ya mwaka 1878, ambayo inamtaka mtu aliyepata hazina ya zaidi ya rupia 10 aitolee taarifa. Ufaransa na Ireland haziruhusu kutafuta vitu vya kale kwa kigunduzi bila kibali. Marekani hutofautisha ardhi ya serikali kuu, ambako tangu mwaka 1979 kuchukua masalia ya kale yenye miaka 100 au zaidi bila kibali kunaweza kukufikisha gerezani, na ardhi ya mtu binafsi, ambako kila jimbo lina kanuni zake.

Wala bahari si shamba lisilo na mwenyewe. Mwaka 2007 kampuni moja ya Marekani iliibua takriban sarafu 594,000, nyingi zikiwa za fedha, kutoka kwenye masalia ya meli ya kivita ya Hispania, Nuestra Señora de las Mercedes, iliyozama mwaka 1804. Mahakama ziliamua kwamba meli ile ingali mali ya Hispania, na mwaka 2012 sarafu hizo zikapelekwa huko. Kampuni haikulipwa kwa kazi yake.

Kuna visa viwili vya Uingereza ninavyopenda kuviweka pamoja. Mwaka 1992, kule Hoxne, mtu mmoja alikuwa akitafuta nyundo ya rafiki yake iliyopotea shambani, akakutana na dhahabu na fedha za Kirumi. Alisimama, akatoa taarifa, na waakiolojia wakafukua karibu sarafu 15,000 kwa utaratibu. Zawadi iliyolipwa ilikuwa pauni milioni 1.75, naye akagawana na mkulima. Mwaka 2015, karibu na Leominster, watu wawili walipata lundo la enzi za Waviking, wakanyamaza, wakaanza kuuza sarafu moja moja. Mwaka 2019 walihukumiwa vifungo virefu gerezani. Baadhi ya sarafu zile ziliwaonesha wafalme wawili wa kale, Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia, wakiwa wamekaa pamoja, jambo linalobadilisha wanavyosimulia historia ya kipindi kile. Sehemu kubwa ya lundo haijapatikana hadi leo. Hao wawili walipoteza uhuru, na sote tukapoteza kitabu ambacho hakikuwahi kusomwa.

Kama sarafu ni ya kale na mnunuzi yuko nchi nyingine, uliza pia kibali cha kusafirisha nje. Mnunuzi wa heshima atakidai kabla hujamaliza kueleza. Asiyedai chochote atakulipa bei anayotaka yeye, akijua huna pa kulalamika.

Hatua ya 4: Jua ulichonacho

Unahitaji mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kipimo cha kalipa kwa kipenyo na unene, lenzi inayokuza mara kumi, na kikombe cha maji. Anza na maandishi na mwaka, kisha linganisha uzito na kipenyo na vipimo rasmi vya aina hiyo. Sovereign ya dhahabu ya Uingereza ina gramu 7.988 na kipenyo cha milimita 22.05. Dola ya Morgan ya Marekani ina gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1. Sarafu iliyotumika hupungua kidogo kwa kuchakaa, lakini haiongezeki. Ikiwa nzito kuliko kipimo rasmi, tia shaka.

Usikimbilie kuamini mwaka uliochongwa. Thaler ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria, imebeba mwaka 1780 tangu malkia huyo alipofariki, na imeendelea kupigwa chapa kwa mwaka ule ule katika viwanda vya miji mbalimbali, ikiwemo Vienna, Roma, London na Bombay, hadi karne ya ishirini. Nyingi unazoziona si za karne ya kumi na nane. Ni fedha halisi, lakini si adimu.

Sumaku hugundua chuma na metali nyingine chache kama nikeli. Sarafu ikinata, si dhahabu wala fedha. Isiponata, bado hujajua, kwa kuwa shaba na risasi hazinati pia. Kipimo kizuri zaidi kwa mtu aliye nyumbani ni cha maji. Weka kikombe cha maji yaliyokenekwa juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uitumbukize izame yote bila kugusa chini wala ukingo, kisha soma namba. Gawanya uzito wa sarafu kavu kwa namba hiyo. Dhahabu safi hutoa karibu 19.3, fedha safi 10.5, risasi 11.3, shaba 9. Sovereign, kwa kuwa ina mchanganyiko wa shaba, huonesha takriban gramu 0.45 majini na kutoa jibu la kati ya 17 na 18. Ikikuletea 8 au 9, ni shaba iliyopakwa. Sarafu yenye maganda au nyufa usiipime hivi, na ile ya baharini mwachie mtaalamu.

Usikubali mtu yeyote aisugue sarafu kwenye jiwe na kuitia asidi. Sonara hufanya hivyo kwa kidani kilichovunjika, na ni sawa kwa kidani. Sarafu inabaki na jeraha. Mwombe atumie mashine ya miale ya eksirei, ambayo haiachi alama, ila ujue inasoma uso tu. Fedha ya kale iliyochanganywa na shaba hupoteza shaba ya juu inapokaa ardhini, kwa hiyo uso unaweza kusomeka safi kuliko kiini.

Hatua ya 5: Tafuta bei mbili, si moja

Bei ya kwanza ni ya madini. Zidisha uzito kwa kiwango cha usafi, gawanya kwa 31.1035, ambazo ndizo gramu za aunsi moja ya madini ya thamani, kisha zidisha kwa bei ya aunsi siku hiyo. Karati nazo zinasomeka kwa 24: karati 22 ni 22 kugawanya kwa 24, yaani 0.917. Dola ya Morgan, yenye usafi wa 0.900, ina takriban aunsi 0.773 za fedha. Bei ya dunia hutangazwa London kila siku ya kazi, mara mbili kwa dhahabu na mara moja kwa fedha. Hii ndiyo sakafu yako. Anayekupa chini ya hapo kwa pengo kubwa anakunyonya, ingawa mnunuzi wa madini lazima apunguze kidogo ili naye apate.

Bei ya pili ni ya mkusanyaji, na inategemea aina, mwaka, kiwanda kilichoipiga chapa, uchache na hali. Kwa sovereign ya kawaida bei hizi mbili huwa karibu. Kwa sarafu adimu, madini yanakuwa sehemu ndogo tu ya hesabu. Wanandoa waliokuta makopo ya sarafu za dhahabu kwenye ardhi yao California mwaka 2013 walihesabu sarafu 1,427, ambazo jumla ya thamani iliyochongwa juu yake ilikuwa dola 27,980. Wataalamu walizikadiria kuwa za takriban dola milioni 10, kwa sababu nyingi zilikuwa kama zilivyotoka kiwandani. Wanandoa hao walimtafuta mtaalamu kwanza na majina yao hayajatangazwa hadi leo. Mfano wao nauheshimu sana.

Kupata bei ya mkusanyaji, tazama matokeo ya minada iliyokwisha, ya aina ile ile na hali ile ile. Usitazame bei zinazoombwa. Mtu anaweza kuomba chochote.

Hatua ya 6: Daraja la ubora, kwa sarafu zinazostahili

Wakusanyaji hutumia kipimo cha Sheldon, kilichobuniwa mwaka 1949, kinachoanzia 1 hadi 70. Kuanzia 60 ni sarafu isiyowahi kuzunguka sokoni. Kampuni za PCGS na NGC, zilizoanza kazi mwaka 1986 na 1987, hukagua sarafu, huthibitisha uhalisi, na kuifungia ndani ya kasha gumu lenye daraja lake. Kwa mnunuzi aliye mbali, kasha hilo huondoa hofu.

Lakini huduma hulipiwa kwa kila sarafu, pamoja na posta na bima. Peleka tu ile ambayo tofauti ya bei itazidi gharama hizo mara kadhaa. Sarafu za Kirumi na za kale zaidi, wakusanyaji wengi hupenda kuzishika bila kasha, kwa hiyo uliza kabla ya kutuma.

Ukisubiri, zihifadhi kwenye vikasha visivyo na plastiki ya PVC. Plastiki hiyo hutoa utando wa kijani unaokula uso wa sarafu.

Hatua ya 7: Chagua mlango wa kuuzia

Sonara au mnunuzi wa madini hulipa haraka, kwa bei ya uzito. Mpelekee sarafu zilizochakaa sana, zilizokatika au zilizotobolewa, ambazo mtaalamu ameshakuhakikishia hazina thamani nyingine. Sarafu ikiyeyushwa imekwisha.

Mfanyabiashara wa sarafu ananunua ili auze tena, kwa hiyo lazima akupe chini ya bei ya rafu yake. Hilo ni halali. Nenda kwa watatu, usiwataje wengine bei uliyopewa kwanza, na mwombe kila mmoja aandike. Atakayekwambia ofa yake inaisha ukitoka mlangoni, toka.

Mnada unafaa kwa sarafu adimu na kwa lundo lenye historia. Soma mkataba hadi mwisho: kamisheni ya muuzaji, ada ya picha na bima, bei ya chini ambayo sarafu haitauzwa ikishindwa kuifikia, na siku ya kulipwa. Mnunuzi naye hulipa ada yake juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyoshinda mnadani, mara nyingi karibu asilimia 20, na hukata ada hiyo kichwani kabla ya kuinua mkono; kwa hiyo hata ada ya mwenzako inakugusa. Nyumba inayojua aina ya sarafu zako itakuletea wanunuzi sahihi, na hilo kwangu lina uzito kuliko tofauti ya asilimia mbili tatu za kamisheni.

Kuuza mwenyewe mtandaoni humwacha dalali nje lakini hukuletea matapeli ndani. Piga picha safi za pande mbili na ukingo, kwa mwanga wa upande, rula ikiwa pembeni. Taja kila kasoro. Usioneshe eneo ulikochimbua, na ufute taarifa za mahali zinazojificha ndani ya picha ya simu.

Ukiwa na sarafu nyingi za aina moja, usizimwage zote sokoni kwa wakati mmoja. Wakusanyaji wa aina fulani huwa wachache, na wakizipata mia kwa mpigo bei inashuka mbele ya macho yako. Zitoe kwa mafungu, miezi ikipita kati.

Hatua ya 8: Makabidhiano, malipo, kodi

Orodhesha kila sarafu kwa uzito, kipimo na picha, na mnunuzi asaini orodha anapopokea. Kutana benki, mchana, mkiwa wawili. Sarafu isitoke mkononi mpaka benki yenyewe ikuthibitishie kwamba pesa zimeingia na haziwezi kurudishwa. Picha ya muamala kwenye simu ya mnunuzi si malipo. Akikulipa zaidi ya mliyokubaliana na kuomba urudishe chenji, vunja mauzo papo hapo, kwa kuwa malipo yake ya kwanza yatarudi kwake na chenji yako haitarudi. Ukituma kwa posta, weka bima ya thamani kamili, na kifurushi kisiwe na neno lolote linalotaja sarafu.

Mkabidhi mwenye ardhi sehemu yake siku hiyo hiyo, kwa njia ya benki, pamoja na nakala ya risiti.

Kuhusu kodi, nchi nyingi huhesabu hazina au faida ya kuiuza kuwa pato. Marekani, kwa mfano, hazina uliyoipata hutozwa kodi kwa mwaka ule inapokuwa mali yako bila ubishi, hata kabla hujaiuza. Mwone mshauri wa kodi kabla ya kutumia pesa, umpelekee ruhusa ya mwenye ardhi, taarifa uliyotoa serikalini, tathmini, risiti na gharama zote. Nakala zake zikae nyumbani katika faili moja na picha za shimo: ukirudi shambani na kuipata sarafu nyingine ya lundo lile, nyumba ya mnada itataka kuiunganisha na zile za kwanza.